“Kwa nini, Frateri?” Duara na wajibu wa kutoa sababu



Ndugu msomaji, leo naomba nizungumzie jambo ambalo pengine hukulitarajia katika ukurasa huu: duara. Sisemi duara la mifano ya mahubiri, la kueleza umilele usio na mwanzo wala mwisho. Nasema duara lenyewe la hisabati, lile la kidato cha tatu, lenye kitovu, kipenyo na pembe zake. Nina deni kwa kijana mmoja, na makala haya ni sehemu ya kulilipa.

Katika mwaka wangu wa uchungaji nilitumwa kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa na alama nzuri za kidato cha sita, kitabu cha kiada na boksi la chaki. Tulipofika mada ya duara niliandika kanuni ubaoni moja baada ya nyingine. Pembe iliyo kwenye kitovu ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo, kama zote mbili zinasimama juu ya tao moja. Pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90. Pembe za mzingo zinazosimama juu ya tao moja, upande mmoja, ni sawa. Umbo la pembe nne likiwa na kona zake zote kwenye mzingo, pembe zake zinazotazamana zina jumla ya nyuzi 180. Nikazipigia mstari kwa chaki nyekundu, nikasema, “Hizi zote ziwe kichwani kufikia Ijumaa.”

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. “Frateri, kwa nini ni mara mbili? Kwa nini isiwe mara tatu?”

Darasa likacheka. Nakiri kwamba nami nilicheka nao. Nikamjibu, “Ndivyo ilivyo. Hiyo ni kanuni, wewe ikariri tu.” Akaketi. Hakuuliza swali jingine hadi muhula ulipokwisha.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Miaka yote ya shule nilikuwa nimezikariri kanuni zile, nikazitumia kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na mimi sikujiuliza. Siku ile nilivaa ukali ili kuficha ujinga wangu, na aliyelipia ni mtoto wa watu.

Fundi na skwea yake

Miezi michache baadaye parokiani palihitajika meza ndogo ya mviringo ya kuwekea sanamu ya Bikira Maria. Fundi seremala, mzee wa jumuiya ya jirani, alikuwa na ubao wa mviringo aliouokoa kutoka meza kuukuu. Alitaka kupata katikati yake hasa ili atoboe tundu la mguu, kwa maana mguu ukikaa kando kidogo tu, meza itayumba. Nilidhani atachukua tepu na kupima kwa kukisia. Hakufanya hivyo.

Alichukua skwea yake, kile chuma cha kupimia pembe mraba. Akaweka kona ya skwea kwenye ukingo wa ubao. Mahali mikono miwili ya skwea ilipokata ukingo upande wa pili, akatia alama mbili za penseli, kisha akaziunganisha kwa mstari ulionyooka. Akauzungusha ubao kidogo, akarudia vilevile. Mistari miwili ikakatana. “Hapa ndipo katikati, Frateri,” akasema. Tulipima kutoka hapo hadi ukingoni kila upande. Vipimo vyote vilikuwa sawa.

“Mzee, umejuaje?”

“Ndivyo nilivyoonyeshwa na aliyenifundisha kazi. Kwa nini inakuwa hivyo, hilo tuambieni ninyi mliosoma.”

Maneno hayo yalinichoma. Mzee yule alikuwa anaitumia ile kanuni ya nusu duara, ila aliisoma kutoka upande wa pili: ukikuta pembe ya nyuzi 90 kwenye mzingo, mstari unaounganisha ncha zake mbili ni kipenyo, na vipenyo viwili hukatana kwenye kitovu. Alijua kuitumia bila kujua sababu. Wanafunzi wangu walijua kuitamka bila kujua sababu wala matumizi. Na mimi niliyesimama katikati yao, niliyeitwa msomi, sikuwa nimewasaidia wao wala yeye.

Sababu yenyewe

Usiku ule niliketi mezani na penseli. Nilichokipata si kigumu, na ndiyo maana naona aibu zaidi. Naomba ufuate hata kama uliacha hisabati siku nyingi.

Anza na uwanja wa mpira. Anayechora lile duara la katikati hupigilia kigingi, hufunga kamba ya mita 9.15, huivuta ikaze, kisha huzunguka huku akimwaga chokaa. Kamba haibadiliki urefu. Basi duara ni hilo tu: nukta zote zilizo mbali sawasawa na kigingi. Nusu vipenyo vyote ni sawa. Shika neno hilo moja, maana hatutahitaji jingine kubwa.

Sasa chora duara kwenye karatasi, kitovu chake ukiite O. Weka nukta tatu kwenye mzingo: A na B upande wa chini, P upande wa juu. Unganisha P na A, kisha P na B. Hiyo ndiyo pembe ya mzingo. Unganisha O na A, kisha O na B. Hiyo ndiyo pembe ya kitovu. Halafu ongeza mstari mmoja ambao haukuwapo kwenye swali: anzia P, pita kwenye O, endelea mpaka utokeze upande wa pili, kati ya A na B. Mwisho wake uite C.

Tazama pembetatu OPA. Upande OP na upande OA ni nusu vipenyo, kwa hiyo ni sawa. Hii ni pembetatu pacha, na pembe zake za P na A ni sawa. Tuseme kila moja ni nyuzi 25. Pembe ya nje pale O, kati ya OA na OC, ni jumla ya hizo pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo: 25 na 25, ambazo ni 50. Nenda upande wa pili. Pembetatu OPB nayo ni pacha. Tuseme pembe zake za P na B ni nyuzi 30 kila moja. Pembe ya nje kati ya OB na OC ni 60. Jumlisha. Pale P tuna 25 na 30, yaani 55. Pale O tuna 50 na 60, yaani 110.

Mara mbili. Ukiondoa namba zangu na kuweka herufi badala yake, mambo hayabadiliki, kwa maana hatukutegemea 25 wala 30. Tulitegemea pembetatu pacha tu. Na kama kitovu kikiwa nje ya ile pembe ya P, hoja ni hiyohiyo, isipokuwa mwishoni unatoa badala ya kujumlisha. Kwa nini si mara tatu? Kwa sababu pembetatu pacha ina pembe mbili zilizo sawa, moja inabaki kwenye mzingo, na kitovu kinazibeba zote mbili. Hilo ndilo jibu la kijana wangu. Lingechukua dakika kumi.

Angalia sasa yanayofuata. Pembe za mzingo juu ya tao moja ni sawa kwa sababu kila moja ni nusu ya pembe ileile ya kitovu. Umbo la pembe nne ndani ya duara: pembe zake mbili zinazotazamana zina pembe zao mbili za kitovu, ambazo kwa pamoja zinazunguka kitovu chote, nyuzi 360, nusu yake ni 180. Na skwea ya mzee wetu: pembe ya mzingo ikiwa nyuzi 90, ya kitovu ni 180, na pembe ya nyuzi 180 ni mstari ulionyooka unaopita kwenye kitovu. Ndiyo maana mstari wake wa penseli ulikuwa kipenyo. Kanuni nne ambazo nilizifanya mizigo minne zilikuwa matawi manne ya mti mmoja, na mzizi wake ni ile kamba isiyobadilika urefu.

Muhula uliofuata niliwapeleka vijana uwanjani na kigingi na kamba. Kabla ya kuanza nilimwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Aliona haya, akaangalia chini. Tulipomaliza akasema, “Frateri, na kama P ikiwa nje ya duara?” Nilimwambia sijui, tutafute pamoja. Nadhani hilo lilikuwa somo langu bora mwaka ule.

Si jambo geni katika Kanisa

Wapo watakaosema hesabu si kazi ya mseminari. Naomba tukumbuke kidogo historia. Kitabu kilichoyapanga mambo haya kwa uthibitisho ni Elementa cha Euclid, aliyefundisha Aleksandria ya Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, hapa hapa barani kwetu. Kitabu chake cha tatu kinahusu duara, na kauli yake ya 20 ndiyo swali la kijana wangu. Kwa hiyo swali lile nililolicheka lina umri wa zaidi ya miaka 2,000, na jibu lake lina umri huohuo.

Padre Christopher Clavius, Mjesuiti aliyefundisha hisabati katika Chuo cha Roma, alitoa toleo lake la Euclid mwaka 1574, lenye maelezo marefu. Ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wa marekebisho ya kalenda yaliyotangazwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582, kalenda tunayoitumia hadi leo. Alipigania hisabati ipewe nafasi ya heshima katika shule za shirika lake. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Matteo Ricci. Ricci alipofika China kama mmisionari, alishirikiana na msomi Xu Guangqi, aliyekuwa amebatizwa mwaka 1603, wakatafsiri vitabu sita vya kwanza vya Euclid kwa Kichina. Vilichapishwa Beijing mwaka 1607. Wachina walikuwa na hisabati yao, ya zamani na yenye nguvu. Ila namna ile ya kuijenga kila kauli juu ya iliyotangulia, bila kuruka hatua, ndiyo Ricci na Xu waliyoona inafaa kupelekwa.

Mmisionari yule hakuona kwamba kueleza sababu za pembe kunampotezea muda wa Injili. Aliona kwamba mtu anayeheshimiwa akili yake husikiliza vizuri zaidi.

Hoja za wenzangu

Niliposimulia haya kwa wenzangu mafrateri, nilipata hoja nne. Nazichukua kwa uzito, kwa maana hata mimi niliwahi kuzisema.

Ya kwanza ni muda: mtaala ni mrefu na mtihani uko mlangoni. Ni kweli. Lakini hesabu muda tunaotumia kurudia kanuni zilizosahaulika. Mwanafunzi aliyekariri kanuni nne anaweza kuzisahau zote nne, au kuzichanganya, akaweka mara mbili mahali pa nusu. Aliyeuona mti anaweza kusahau tawi na kulikuta tena akiwa ndani ya chumba cha mtihani, kwa penseli na nusu ukurasa.

Ya pili: mtihani mara nyingi hauombi uthibitisho, unaomba jibu. Sawa. Lakini kwa miaka mingi hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa kidato cha nne nchini kwetu, na kukariri tumekariri miaka yote hiyo. Kama kukariri kungetosha, tungekuwa tumeshapona. Sisemi uthibitisho peke yake utatuponya. Yapo madarasa yenye wanafunzi wengi mno, walimu wachache, watoto wanaokuja na njaa. Nasema tu kwamba dawa tunayoishikilia imeshajaribiwa vya kutosha.

Ya tatu ni lugha. Watoto wengi walisoma duara, kipenyo na mzingo kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha sekondari wakakutana na vitu vilevile kwa majina ya Kiingereza. Wengine wanadhani ni vitu vipya. Swali la kijana wangu lilikuja kwa Kiswahili. Ningemlazimisha Kiingereza, lisingekuja kabisa. Najua shule zina sheria zake, na mtihani ni wa Kiingereza. Ninachoomba ni hiki: “kwa nini” iruhusiwe kuulizwa na kujibiwa kwa lugha ambayo mtoto anafikiria, kisha tumsaidie kuiandika kwa lugha ya mtihani. Tuvuke mto kwanza, viatu tutavaa ng’ambo.

Ya nne ndiyo nzito kwetu sisi. Mwenzangu mmoja alisema, “Frateri, utii nao ni fadhila. Si kila kitu lazima mtoto apewe sababu. Hata imani ina mafumbo.” Ni kweli kwamba imani ina mafumbo. Fumbo la Utatu Mtakatifu halimalizwi kwa chaki, na anayedhani amelimaliza amekosea. Lakini pembe ya kitovu si fumbo. Ina sababu, na sababu yake inakaa kwenye nusu ukurasa. Mwalimu anayefanya fumbo la kile chenye sababu anaharibu vyote viwili. Kijana atajifunza kwamba “ndivyo ilivyo” ni jibu la mtu mkubwa asiyejua au asiyetaka kusumbuliwa. Siku atakapomuuliza padre juu ya Ekaristi, au juu ya kifo cha mama yake, akaambiwa “ni fumbo”, atasikia sauti ileile ya darasani. Ataikariri imani kama alivyokariri kanuni, na akimaliza shule ataviacha vyote viwili kwenye dawati.

Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe. Waraka wa kwanza wa Petro unatutaka tuwe tayari kueleza sababu ya tumaini tulilo nalo, tena kwa upole na heshima. Nami nilishindwa kueleza kwa upole hata sababu ya pembe. Aliyezoea kusema “ikariri tu” kwenye jambo dogo atapata wapi uvumilivu wa kueleza kwenye jambo kubwa?

Ombi langu

Kwa mafrateri wenzangu mnaojiandaa kwenda mwaka wa uchungaji: wengi wenu mtapewa vipindi vya kufundisha, pengine somo msilolipenda. Kabla ya kuandika kanuni ubaoni, jiulize kama unaweza kuieleza sababu yake kwa mtoto wa miaka 16. Kama huwezi, itafute usiku huo. Ukiikosa, sema darasani kwamba hujui. Mwanafunzi akikuuliza “kwa nini”, usimcheke. Amekupa heshima kubwa kuliko wote walionyamaza.

Kwa wazazi katika jumuiya zetu: si lazima uwe umesoma ili umsaidie mwanao. Anaporudi nyumbani, tumezoea kumuuliza, “Umepata ngapi?” Muulize pia, “Nieleze, kwa nini iko hivyo?” Mwache akuchoree, hata kama ni chini kwenye mchanga kwa kijiti. Akishindwa, hujamwaibisha, umemwonyesha mahali pa kurudi kuuliza. Akiweza, utaona uso wake.

Na kwa mzee wetu fundi: nilirudi kwake na karatasi yangu yenye P, O na C. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa juu ya gogo, skwea mapajani. Kisha akaomba penseli, akaurudia mchoro mwenyewe juu ya kipande cha mbao, taratibu, akitaja kila upande ulio sawa. Alipomaliza alisema, “Kumbe miaka yote hii skwea yangu haikuwa inabahatisha.” Meza ile bado ipo kanisani, upande wa kushoto, na haiyumbi.